Umar bin Abdul-Aziz: Kiongozi Aliyeanza na Nafsi Yake

Kila siku twasikia malalamiko kuwa Waislamu hawana viongozi. Watu hulalamika barazani, hulalamika wakitoka msikitini, kisha kila mmoja hushika njia yake. Ni wachache wanaojiuliza kiongozi mwema hupatikana vipi: huzaliwa nao wema wake, au hulelewa nao, au huupata kwa kupigana na nafsi yake? Jawabu twaliona katika maisha ya Umar bin Abdul-Aziz, Mwenyezi Mungu amrehemu, Khalifa wa nane wa Bani Umayya, ambaye wanazuoni wengi humhesabu pamoja na Makhalifa Waongofu.

Umar alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 60 ya Hijra. Mama yake alikuwa mjukuu wa Sayyidna Umar bin Khattab, na baba yake, Abdul-Aziz bin Marwan, alikuwa liwali wa Misri. Mtoto wa nyumba kama hiyo ni rahisi kuharibika. Baba yake aliliona hilo, akampeleka Madina akasome, akamweka chini ya uangalizi wa Saleh bin Kaysan. Wanatarikh wasimulia kuwa siku moja kijana alichelewa sala kwa sababu nywele zake zilikuwa zikitengenezwa. Mwalimu hakunyamaza kwa kumwogopa mwana wa liwali. Aliandika Misri, na baba akatuma mtu kuja kumnyoa nywele hizo. Na yatupasa kuiangalia khabari hii vizuri: mwalimu hakuogopa, na mzazi hakukasirika. Wangapi katika sisi leo mwalimu akimrudi mtoto wetu twampa shukurani?

Juu ya hayo, ujana wake haukuwa wa kujinyima. Alijulikana kwa mavazi ya thamani, manukato na mwendo wa maringo. Mwaka 87 wa Hijra (706), naye yapata miaka 25, Khalifa Walid bin Abdul-Malik alimfanya liwali wa Madina. Jambo lake la kwanza lilikuwa kuwaita wanavyuoni kumi wa mji ule, miongoni mwao Urwa bin Zubeir, Qasim bin Muhammad na Salim bin Abdallah. Aliwaambia kuwa hatakata shauri bila ya rai yao, na akawataka wamjulishe kila dhulma itakayotendwa na watumishi wake. Kijana mwenye amri mkononi aliwataka wazee wamchunguze.

Walakini huko huko Madina lilimpata jambo lililomwandama umri wake wote. Mwaka 93 wa Hijra Walid alimwamuru ampige Khubeib, mwana wa Abdallah bin Zubeir. Umar alitii. Khubeib alipigwa mijeledi, akamwagiwa maji baridi siku ya kipupwe, akafa. Umar hakujitetea kuwa alitumwa. Wasimulizi wasema kuwa alihuzunika huzuni kubwa, na tangu hapo kila aliposifiwa kwa tendo jema alimkumbuka Khubeib, akaona sifa ile haimfai. Sisi twaona kwamba kujuta huku kulimfunza kuliko ubora wa nasaba yake. Alijua kwa nafsi yake jinsi mtu mwema awezavyo kuwa chombo cha dhulma kwa kutii tu.

Mwaka 99 wa Hijra (717), Khalifa Suleiman bin Abdul-Malik alikufa Dabiq, katika nchi ya Sham. Kwa shauri la mwanachuoni Raja bin Haywa alikuwa ameandika waraka wa kumrithisha Umar, na jamaa wakaapa kuufuata kabla ya kujua jina lililomo. Lilipotajwa, Umar hakufurahi. Aliliona kuwa ni mzigo. Alipoletewa farasi wa kifalme aliwakataa, akaamuru wauzwe na thamani yao itiwe Baitulmali.

Kisha akaanza kutengeneza, na alianzia nyumbani kwake. Mashamba aliyoyapata kwa upendeleo wa ukoo wake aliyarudisha. Mkewe, Fatima binti Abdul-Malik, alikuwa na vito alivyopewa na baba yake. Umar alimpa hiari, ama vito ama yeye. Fatima akachagua mumewe, na vito vikaenda Baitulmali. Baada ya hapo ndipo alipowageukia jamaa zake Bani Umayya, akawanyang'anya walichokitwaa bila ya haki. Walikasirika sana, lakini hawakuwa na la kumwambia, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kutoa.

Aliondoa desturi ya kumlaani Sayyidna Ali juu ya mimbari. Aliwakataza maliwali kutoza jizya waliosilimu, ijapokuwa khazina ingepungukiwa. Alilirudisha jeshi lililokuwa likiteseka mbele ya Constantinople. Alimwamrisha Abubakar bin Hazm aandike hadithi za Mtume zisije zikapotea. Na yasimuliwa kuwa alikuwa na taa mbili: ya Baitulmali kwa kazi ya watu, na yake mwenyewe kwa mazungumzo yake.

Mwanawe Abdul-Malik, kijana mcha Mungu, alimhimiza aondoe maovu yote mara moja. Umar alimweleza kuwa akiwabebesha watu haki yote kwa siku moja, wataitupa yote kwa siku moja. Kijana huyo alikufa kabla ya baba yake. Umar naye alifariki Rajab mwaka 101 (720), hajatimiza miaka 41, baada ya kutawala miaka miwili na miezi mitano. Yazid aliyemfuata aliyavunja mengi katika aliyoyajenga, kwani waliobaki walipenda matunda ya uadilifu, bali hawakuwa wamezirudi nafsi zao kama alivyoirudi yake.

Ndugu zetu, pengine mtu atasema kuwa hayo ni mambo ya makhalifa, na sisi hatuna dola. Lakini anayeshika mali ya wakfu ana Baitulmali yake. Anayesimamia msikiti au chuo cha watoto ana raia zake. Aliyekabidhiwa mali ya mayatima ana taa mbili mbele yake kila usiku. Na awaweke watu wa kumchunguza kabla hajachunguzwa kwa nguvu, akirudishe kilichomo nyumbani mwake kabla hajauliza kilichomo nyumbani mwa mwenziwe, na akumbuke aliyemdhulumu hata pale watu wanapomsifu. Asiyeweza haya katika duka au msikiti, hata akipewa nchi hataweza.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuongoze sisi na wale waliochukua dhamana zetu. Amin.