Sultan Barghash: Mwenye mizani aliyepunjwa

MVUVI wa Homa Bay na mchimba dhahabu wa Migori hutamka neno pesa hata wanapozungumza Kijaluo. Neno hilo lilitoka Bara Hindi, na miongoni mwa watawala waliotoa sarafu za shaba zilizoitwa hivyo ni Sayyid Barghash bin Said wa Zanzibar.

Alizaliwa yapata mwaka wa 1837. Baba yake, Sayyid Said, alipofariki baharini mwaka wa 1856, Barghash alikuwa katika msafara huo. Mwaka wa 1859 aliasi dhidi ya kaka yake, Sayyid Majid, akashindwa na kupelekwa uhamishoni Bombay. Majid alipoaga dunia mwaka wa 1870, Barghash akatwaa kiti.

Hakuanza kwa heri. Kimbunga cha 1872 kiling'oa mikarafuu, na mwaka uliofuata Uingereza ikamshurutisha kulifunga soko la watumwa.

Mwaka wa 1882, yaani 1299 Hijria, alitoa fedha zake mwenyewe: riali za dhahabu na za fedha, na pesa za shaba. Hadi hapo biashara ilitegemea reale za Maria Theresa na rupia za India. Makaisari wa Roma walitia vichwa vyao kwenye dinari za fedha; riali ya Barghash haina sura ya mtu, ina jina lake kwa hati za Kiarabu. Kwenye pesa ya shaba iliwekwa mizani. Warumi nao walimchora mwanamke mwenye mizani kuwa ishara ya haki. Ishara hiyo ilifaa kisiwa cha wapima karafuu na pembe, ambako anayepunja alijulikana upesi.

Lakini yeye mwenyewe alipunjwa. Mnamo Novemba 1886, Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kumwachia visiwa na ukanda wa pwani wa maili 10 tu kwenda bara. Nchi iliyobaki zikaigawa kwa mstari kutoka mto Umba hadi Ziwa Viktoria, kwenye latitudo ya digrii 1 kusini. Mstari huo ndio mpaka wa Migori na Tanzania, na ndio uliowatenga Wakuria wa Isebania na jamaa zao wa Sirari. Sultani, asiye na jeshi la kuyakabili mataifa hayo, alikubali mwezi uliofuata.

Alifariki Machi 1888.