William Harley, mhandisi aliyeacha fumbo la herufi

William Sylvester Harley, mmoja wa waasisi wa kampuni ya pikipiki ya Harley-Davidson, alizaliwa Milwaukee, Marekani, Desemba 29, 1880. Akiwa na miaka 15 aliajiriwa katika kiwanda cha baiskeli, na mwaka 1901 akachora injini ndogo ya kufungwa kwenye baiskeli. Alihitimu uhandisi Chuo Kikuu cha Wisconsin mwaka 1907, akawa mhandisi mkuu wa kampuni.

Pikipiki zake zilitambulishwa kwa tarakimu na herufi, fumbo linalowasumbua wanunuzi wa pikipiki kongwe hadi leo. Namba 5-D, yenye silinda mbili, ni ya mwaka 1909. Kuanzia 1916 ndipo tarakimu zilipoanza kufuata kalenda. Katika WLA, herufi A humaanisha jeshi. Lakini WLA zilizoundwa kuanzia 1942 hadi mwisho wa vita zote zilipigwa chapa ya 42, hata ya mwaka 1944.

Hatari kubwa iko kwenye fremu. Kabla ya 1970 namba ya utambulisho ilipigwa kwenye injini pekee, hivyo injini halali yaweza kufungwa juu ya fremu ya pikipiki nyingine, na mnunuzi asitambue.

Harley alifariki dunia Septemba 18, 1943, kiwanda kikiendelea kuunda WLA kwa maelfu.