Mackay, Mzungu wa Kazi

Ukisimama ukingoni mwa Mto Tana pale Garsen wakati wa kiangazi, utaisikia pampu ya mkulima ikinguruma, inavuta maji kupeleka shambani. Siku ikinyamaza, mwenyewe hana raha. Pengine kilichoharibika ni kitu kidogo sana: mhimili umelika kiasi cha unywele tu, na sasa unachezacheza katika beringi zake. Basi mhimili hufungwa guniani na kupakiwa basi la Malindi au Mombasa, kwa fundi mwenye mashine ya kukereza vyuma, na huku mpunga unangoja. Kijana wa Garsen anayetaka kuanza uanagenzi wa kazi hiyo naye hana budi kupanda basi hilo hilo.

Kwa ajili ya vijana wa namna hiyo, tumkumbuke leo Alexander Murdoch Mackay. Tana hakuitia mguu. Vitabu vya historia humtaja kuwa mmisionari wa Buganda, lakini kabla ya umisionari alikuwa mwanagenzi, mikono imejaa grisi.

Alizaliwa Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie, kaskazini ya Scotland. Baba yake alikuwa mchungaji, mtu wa vitabu, na alimfundisha mwanawe mwenyewe nyumbani akitumaini naye atakuwa mchungaji. Mtoto akawa haonekani. Akitafutwa, yuko kwa mhunzi wa kijiji anatazama chuma kikifuliwa. Alikuwa akitembea maili kadhaa mpaka stesheni ya Gartly ili aitazame injini ya gari moshi kwa muda ule mfupi inaposimama, kisha anarudi kwa miguu. Mzee hakupendezwa. Mara ngapi tumeyaona hayo hata kwetu, mzazi anataka karani na mtoto anataka nyundo!

Mwaka 1867 alikwenda Edinburgh kusomea ualimu, na baadaye akashika masomo ya uhandisi. Hapo ndipo ulipoanza uanagenzi wake. Asubuhi alifundisha shuleni apate pesa za kujikimu. Alasiri alikwenda bandari ya Leith, katika kiwanda cha Miller and Herbert. Jioni alirudi darasani. Kule Leith alipitishwa idara baada ya idara: kukereza, kuunganisha mashine, kutengeneza vielelezo vya mbao. Anayeijua kazi hii anajua mwanagenzi hupewa nini kwanza. Hupewa jiliwa na tupa, akaambiwa anyooshe uso wa chuma mpaka mwanga usipite chini ya rula. Mikono hupasuka malengelenge. Akishajua kunyoosha ndipo hukaribishwa kwenye kerezo, ambako chuma kikishakatwa zaidi ya kipimo hakirudi.

Mwisho wa 1873 alikwenda Berlin, Ujerumani, akawa mchoraji wa mashine katika kiwanda kikubwa, na huko akapanda cheo. Mambo yalikuwa mazuri. Lakini mwaka 1875 gazeti moja la London lilichapisha barua ya Stanley iliyosema kwamba Kabaka Mutesa anataka walimu. Mackay aliacha mshahara wake, na Aprili 1876 akapanda meli kuja Unguja. Waliotumwa na chama cha C.M.S. walikuwa wanane. Kabla ya miaka miwili kupita, wengi walikuwa wamekufa au wamerudishwa kwao wagonjwa.

Walikuja na mashua iliyoitwa Daisy. Mackay alijaribu kuipandisha mto Wami, kisha Kingani, akashindwa. Watu wa Tana, wanaoijua mizingo ya mto na mchanga wake, hawatashangaa. Ikabidi ifumuliwe vipande vipande, ichukuliwe na wapagazi mpaka ziwani. Mwaka 1877 alikata njia kutoka Saadani hadi Mpwapwa, zaidi ya maili 200. Alipofika Kagei, kusini mwa Ziwa Victoria, mwaka 1878, alikuta shehena yote ni lundo moja: bwela, vitabu, minyororo, herufi za kuchapishia, kutu tupu. Baada ya siku kumi injini ilikuwa imesimama, kila skrubu mahali pake.

Kisha dhoruba ikaitupa Daisy ufukoni na kuivunja. Fundi wa kawaida angeiacha. Mackay aliikata tumbo, akaiunganisha omo na tezi, na mbao za kipande alichokitoa akazitumia kuziba mianya. Ikawa fupi, lakini Novemba 1878 ilimfikisha Buganda. Kwangu mimi, hiyo ndiyo kazi yake bora, hata kuliko lile jeneza kubwa mno, sanduku ndani ya sanduku, alilomtengenezea mama yake Mutesa mwaka 1882.

Pale Natete alijenga karakana. Alichimba kisima na kutia pampu, watu wakaja kuona maji yakipanda juu. Waswahili wakamwita Mzungu wa Kazi. Tusidhani, hata hivyo, kwamba Waganda hawakujua chuma; wahunzi wao walikuwa hodari tangu zamani, na Nuwa Walukaga, mkuu wa wahunzi wa Kabaka, alikuwa miongoni mwa Wakristo waliouawa na Mwanga mwaka 1886. Wala Mackay hakuwa malaika. Alikuwa mkali wa maneno, akibishana na mapadri Wafaransa mbele ya Kabaka mwenyewe.

Adhabu kubwa ilimpata Januari 1885. Vijana watatu, Makko Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusufu Lugalama, walichomwa moto. Lugalama alikuwa mtoto. Mackay alihangaika kuwaokoa, asifaulu.

Mwaka 1887 alifukuzwa, akahamia Usambiro, kusini mwa ziwa. Huko alifyatua matofali, akapasua mbao, akaanza kuunda mashua ya mvuke. Stanley alipopita mwaka 1889 alimkuta kazini. Februari 1890 homa ikamwua, umri miaka 40, na mashua haijaisha. Mwaka uliofuata meli ndogo ya mvuke iitwayo Kenia, chini ya Kamanda Dundas, ilipanda Mto Tana. Mifupa ya Mackay ilihamishwa mwaka 1927, ikazikwa Namirembe, Kampala.