Isaiah Thomas, mpiga chapa aliyekusanya magazeti makuukuu

Gazeti likishasomwa, wengi wetu hulifungia maandazi. Ndiyo maana mimi humstahi Isaiah Thomas, Mmarekani aliyeliona gazeti kuukuu kuwa mali.

Thomas alizaliwa Boston mwaka 1749. Babake alifariki mapema na nyumba ikabaki na ufukara. Akiwa na miaka 6 tu, alipelekwa kwa mpiga chapa awe mwanagenzi. Darasa lake likawa ni kupanga herufi.

Mwaka 1770 alianzisha gazeti la Massachusetts Spy, lililowakera mno watawala wa Kiingereza. Aprili 1775, siku chache kabla ya vita vya uhuru kuanza, aliutorosha mtambo wake usiku hadi mji wa Worcester. Mei 3, gazeti likatoka tena.

Amani iliporudi, biashara ilimtajirisha. Akaingia kuandika historia ya upigaji chapa Marekani, na hapo ikambidi ayasake magazeti ya zamani. Kazi haikuwa rahisi. Gazeti la Publick Occurrences la mwaka 1690, kwa mfano, lilipigwa marufuku baada ya toleo moja. Leo nakala yake inayojulikana ni moja tu, nayo iko London.

Kitabu chake kilitoka mwaka 1810, juzuu mbili. Kinachonipendeza mimi ni uadilifu wake: hata wapiga chapa waliomuunga mkono mfalme, mahasimu wake wa jana, aliwapa nafasi yao humo.

Mwaka 1812 aliongoza kuanzishwa kwa American Antiquarian Society, akaipa vitabu na magazeti yake, kisha akaijengea jumba. Makao yakawa Worcester, mbali na bahari, ili manowari za adui zisiifikie hazina hiyo. Alifariki mwaka 1831. Hii leo jumuiya hiyo ina matoleo ya magazeti zaidi ya milioni 2, na ule mtambo uliotoroshwa ungali huko.

Kwangu mimi, wapiga chapa walikuwa wengi, ila waliofikiria msomaji wa miaka mia mbili ijayo ni wachache. Basi ndugu msomaji, ukikuta magazeti ya babu sandukuni, usiyatie moto. Wahenga walishatuonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.