Adrian Atiman, Tabibu Aliyeujua Mnyororo

Katika jumuiya zetu wapo ndugu waliobeba mizigo miwili kwa pamoja: maradhi ya akili na uraibu wa gongo au bangi. Tunapotafakari namna ya kuwahudumia, tumkumbuke katekista Adrian Atiman.

Alizaliwa mnamo mwaka 1866, karibu na mto Niger, katika Mali ya leo. Angali mtoto alitekwa, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara. Mwaka 1876, huko Algeria, Wamisionari wa Afrika walimkomboa kwa fedha. Kardinali Lavigerie akampeleka Malta kusomea utabibu.

Mwaka 1888 aliondoka pwani pamoja na msafara kuelekea bara, kwa njia ya Tabora, njia ileile ambayo kwayo watumwa walikuwa wakiswagwa kwenda pwani. Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Hapo alimwoa Agnesi Wansahira, na mwana wao Yosefu akapewa daraja takatifu ya upadre mwaka 1923. Atiman alitibu na kufundisha dini hapo Karema hadi alipofariki mwaka 1956. Miaka 67 ya utumishi mahali pamoja!

Mkononi mwa Atiman, dawa na katekisimu havikutengana, kwa sababu mtu hagawanyiki. Sisi twamgawa. Mwenye maradhi ya akili anayekunywa huambiwa aache kwanza pombe ndipo atibiwe. Wenzake wa kupambana na ulevi humwambia atibiwe kwanza akili. Nasi mapadre mara nyingine tumemkemea mlevi mimbarini pasipo kuuliza usiku wake ukoje.

Basi tumsindikize hospitalini, mizigo yote miwili itibiwe pamoja. Aliyezoea pombe kali kwa miaka mingi asilazimishwe kuiacha ghafla bila uangalizi wa daktari, maana mwili waweza kudhurika vibaya. Asiachishwe dawa kwa kisingizio cha maombi. Sala na dawa viende pamoja. Jumuiya Ndogo Ndogo imteue mtu wa kumtembelea, na akianguka tena, asifutwe.

Zaidi ya yote, asifungwe kamba wala mnyororo nyumbani. Atiman, aliyeuzwa utotoni, alipita njia ya minyororo akiwa amebeba dawa. Njia hiyo ndiyo tuliyorithi, tuchague tutakachobeba.