D'Oliveira: Nahodha aliyepitia Afrika Mashariki kabla ya kuutikisa ulimwengu wa kriketi

WAHENGA walisema mkataa kwao ni mtumwa, lakini hawakuacha neno lolote kuhusu mtu aliyekataliwa na kwao. Pengo hilo ndilo lililojaza maisha ya Basil D'Oliveira, mzaliwa wa Cape Town aliyefariki nchini Uingereza mnamo Novemba 19, 2011, baada ya kuugua maradhi ya Parkinson kwa miaka mingi.

Kwa mashabiki wa kriketi jijini Nairobi, hasa wa mitaa ya Ngara na Parklands ambako mchezo huo ulikita mizizi tangu enzi za ukoloni, jina lake lina uzito wa pekee. Miaka kumi kabla ya kuzusha tufani iliyoikumba serikali ya Afrika Kusini, D'Oliveira alizuru Afrika Mashariki akiwa nahodha wa kikosi ambacho nchi yake haikukitambua.

Alizaliwa Oktoba 4, 1931 na kulelewa kwenye miteremko ya Signal Hill, juu ya mtaa wa Bo-Kaap. Babake, Lewis, alikuwa nahodha wa klabu ya St Augustine's, na kijana akafuata nyayo zake. Serikali ilimworodhesha katika tabaka la machotara, na orodha hiyo ndiyo iliyoamua aishi wapi, asome wapi na acheze wapi.

Katika uwanja mashuhuri wa Newlands, watu wasio weupe walitengewa sehemu yao iliyozungushiwa ua. Wengi wao hawakuishangilia Afrika Kusini. Timu ya wageni ilipoingia uwanjani, hiyo ndiyo waliyoipigia makofi. D'Oliveira alikulia katika umati huo, akijifunza mbinu za mabingwa kwa kutazama tu. Alifanya kazi katika kiwanda cha uchapishaji, na siku za mapumziko alicheza kwenye viwanja vya mawe na vumbi ambako mpira haukutabirika. Huko ndiko alikojifunza kusubiri mpira hadi dakika ya mwisho kabla ya kuupiga, ustadi uliokuja kumtofautisha na wenzake.

Mnamo 1956, timu ya Waasia wa Kenya ilifunga safari hadi Afrika Kusini kucheza na timu ya watu wasio weupe. D'Oliveira ndiye aliyekuwa nahodha wa wenyeji. Miaka miwili baadaye, mwaka wa 1958, ziara hiyo ilirudishwa, na kwa mara ya kwanza kikosi cha wanakriketi wasio weupe wa Afrika Kusini kikavuka mipaka na kuja Afrika Mashariki.

Nairobi ya wakati huo haikuwa pepo ya usawa. Kenya ilikuwa bado chini ya sheria za hali ya hatari zilizotangazwa mwaka wa 1952. Makazi yaligawanywa kwa rangi, huku Waafrika wakisongamana upande wa mashariki ya jiji, katika mitaa kama Pumwani na Kaloleni, ilhali mitaa ya magharibi na ya milimani ilikuwa ya Wazungu na Waasia. Hata kriketi ilifuata mkondo huo: klabu ziliundwa kwa jamii na dini, na mechi zilizovuta watu wengi zilikuwa zile za Wazungu dhidi ya Waasia.

Hata hivyo, kulikuwa na tofauti moja kubwa. Nchini Kenya Mzungu na Mwaasia waliweza kukutana katika uwanja mmoja, na matokeo yakaandikwa. Kwao Cape Town, D'Oliveira hangeweza kupambana na mchezaji mweupe katika mechi yoyote rasmi, hata angekuwa hodari kiasi gani. Ziara ya Afrika Mashariki ilimthibitishia kwamba kipaji chake kingeweza kustahimili ugenini.

Tumaini jingine lilizuka mwaka wa 1959, pale timu ya wachezaji weusi wa West Indies chini ya Frank Worrell ilipotarajiwa kuzuru Afrika Kusini na kucheza na wasio weupe. Mpango huo ulipingwa na wanaharakati walioona kuwa ungeubariki ubaguzi, na ukafutiliwa mbali. D'Oliveira, aliyekuwa ameanza kuuaga ujana, aliona mlango unafungwa.

Alikuwa tayari amemwandikia barua John Arlott, mtangazaji maarufu wa kriketi nchini Uingereza, akimwomba amtafutie kazi ya kucheza. Arlott hakumfahamu, lakini hakuitupa barua. Mwaka wa 1960, klabu ya Middleton ya Lancashire ilipomkosa mchezaji wake wa kulipwa, Mwafrika Kusini huyo alipewa nafasi kwa malipo ya pauni 450. Marafiki na majirani walichanga nauli. Aliondoka muda mfupi tu baada ya mauaji ya Sharpeville ya Machi 21, 1960, akimwacha nyuma mkewe, Naomi, akiwa mjamzito.

Mwanzoni alihangaika. Baridi, mvua na viwanja vyenye majani mabichi vilimchanganya. Hata kuingia mkahawani kupitia mlango mmoja na Wazungu kulimtia wasiwasi. Lakini msimu ulipofika tamati, wastani wake ulikuwa wa juu kuliko wa mchezaji mwingine yeyote katika ligi hiyo, akimpita hata Garfield Sobers aliyekuwa akichezea Radcliffe.

Mwaka wa 1964 alijiunga na Worcestershire, na mwaka wa 1966, akiwa sasa raia wa Uingereza, akaitwa katika timu ya taifa dhidi ya West Indies uwanjani Lord's. Alikuwa na umri wa miaka 34, ingawa waliomchagua hawakujua hivyo. D'Oliveira alikuwa amejipunguzia miaka kwa hofu kwamba wangemwona mzee na kumwacha.

Ndipo ukawadia mwaka wa 1968. Uingereza ilikuwa ikipambana na Australia kuwania Ashes, na timu ambayo ingeteuliwa baada ya mechi hizo ingezuru Afrika Kusini mwishoni mwa mwaka. Katika Testi ya kwanza mjini Manchester, D'Oliveira alifunga mikimbio 87 bila kutolewa, kisha akaachwa nje ya mechi iliyofuata. Mashabiki waligawanyika. Wapo walioamini ulikuwa uamuzi wa kimbinu, wengine wakanusa siasa.

Kipindi hicho pia alijiwa na mjumbe aliyemwahidi kazi ya ukocha nchini Afrika Kusini kwa pauni 4,000 kila mwaka, fedha nyingi mno wakati huo. Sharti lilikuwa moja: atangaze kwamba hapatikani kwa ziara hiyo. Kwa mtu aliyesafiri kwa nauli ya mchango, huo ulikuwa mtihani mzito. Hakuikubali ahadi hiyo.

Alirejeshwa kikosini kwa Testi ya tano uwanjani The Oval baada ya Roger Prideaux kuugua. Akiwa na mikimbio 31, alipiga mpira ulioangukia mikononi mwa mlinda wiketi wa Australia, Barry Jarman, naye akauponyosha. D'Oliveira hakutazama nyuma. Aliendelea hadi mikimbio 158.

Siku ya mwisho ya mechi hiyo bado husimuliwa na wapenzi wa mbinu za kriketi. Mvua kubwa ilifurika uwanja huku Uingereza ikihitaji wiketi tano pekee, na mashabiki wakaingia kuwasaidia wafanyakazi kukausha maji. Mchezo ulipoanza tena ilikuwa imebaki saa moja na robo tu. Wapigaji wa Australia walijihami kwa ukaidi hadi nahodha Colin Cowdrey alipompa D'Oliveira mpira. Akamtoa Jarman, mtu yule yule aliyemponyosha. Cowdrey kisha akawazungusha wachezaji wake wote karibu na mpigaji, na Derek Underwood akamaliza kazi. Wiketi ya mwisho ilianguka dakika sita kabla ya muda kwisha, mwamuzi alipoinua kidole kuthibitisha kwamba mguu wa John Inverarity ulikuwa mbele ya wiketi. Enzi hizo hapakuwa na marudio ya televisheni ya kumwokoa wala kumlaani mwamuzi. Neno lake lilikuwa sheria. Uingereza ilishinda kwa mikimbio 226, na mfululizo ukaisha sare ya 1-1.

Kila mtu alitarajia kuliona jina la D'Oliveira katika kikosi cha ziara. Kilipotangazwa Agosti 28, halikuwamo. Wateuzi walieleza kwamba urushaji wake haungefaa katika viwanja vya Afrika Kusini, na kwamba walikuwapo wapigaji bora kumliko. Mchezaji mwenyewe alilia ndani ya chumba cha kubadilishia nguo cha Worcester. Wanachama wa klabu ya MCC, iliyosimamia kriketi ya Uingereza, walijiuzulu, na magazeti yakachacha.

Wiki tatu baadaye, Tom Cartwright alijiondoa kwa sababu ya jeraha, na mnamo Septemba 16 nafasi yake akapewa D'Oliveira. Siku iliyofuata, mjini Bloemfontein, Waziri Mkuu John Vorster alitangaza kwamba serikali yake haingeipokea timu hiyo, akidai iliteuliwa na maadui wa ubaguzi na si wanamichezo. Septemba 24, MCC ikaifuta ziara.

Vorster alidhani anamfungia mtu mmoja mlango. Kumbe alikuwa akiufungia mchezo mzima wa taifa lake. Mwaka wa 1970, Afrika Kusini ilipotarajiwa kwenda Uingereza, mataifa ya Afrika yalitishia kususia Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, na ziara ikafutwa mwezi Mei. Nchi hiyo haikucheza tena mechi rasmi ya Testi hadi 1992. Kizazi kizima cha wachezaji wake weupe kilionja, kwa kiasi kidogo, kile ambacho wenzao weusi walikuwa wameonja maishani mwao mwote: kuwa na kipaji kisicho na uwanja.

D'Oliveira alicheza Testi 44, akafunga mikimbio 2,484, akatimiza mia mara tano na kuchukua wiketi 47. Takwimu hizo zinatisha zaidi mtu akikumbuka kwamba alianza katika umri ambao wengi huwa wanastaafu. Baadaye akawa kocha wa Worcestershire, iliyotwaa ubingwa wa kaunti mwaka wa 1988 na 1989. Mwanawe Damian, na baadaye mjukuu wake Brett, waliichezea klabu hiyo hiyo.

Wapo waliomlaumu kwa kutopaza sauti dhidi ya ubaguzi. Lakini D'Oliveira hakuwa mwanasiasa. Silaha yake ilikuwa gongo, na kwa gongo hilo aliuliza swali ambalo hakuna hotuba iliyoweza kulikwepa: iwapo mtu amefunga mikimbio 158, ni sababu gani nyingine iliyobaki ya kumkataa?

Mnamo mwaka wa 1996, timu ya taifa ya Afrika Kusini ilitua Nairobi kwa mashindano ya miaka mia moja ya kriketi nchini Kenya, na kutwaa ubingwa kwa kuilaza Pakistan katika fainali uwanjani Gymkhana. Ilikaribishwa kama timu nyingine yoyote. Mashabiki waliojaza majukwaa walijadili mbinu za manahodha na maamuzi ya waamuzi, wala si rangi za wachezaji. Kwa wazee waliokumbuka ziara ya 1958, tofauti hiyo haikuhitaji maelezo.

Mwaka wa 2000, Afrika Kusini ilimtaja D'Oliveira miongoni mwa wanakriketi wake kumi bora wa karne, ingawa hakuwahi kuichezea Testi hata moja. Tangu msimu wa 2004-05, Uingereza na Afrika Kusini zinapokutana katika mechi za Testi, kombe linaloshindaniwa hubeba jina lake. Nchi iliyomkataa na nchi iliyomsitiri hulikodolea macho kombe hilo kwa usawa, na ni lazima moja ipigane vilivyo ili kulipata.