Jongo la Mzee na Maradhi Tunayoyaficha

Kila mwanafunzi wa historia nchini Kenya hukariri tarehe za maisha ya Mzee Jomo Kenyatta: kukamatwa kwake Oktoba 20, 1952, kesi ya Kapenguria, kuachiliwa kwake Agosti 1961, na kifo chake Agosti 22, 1978. Wachache mno hufundishwa kuwa kiongozi huyo, ambaye umma ulizoea kumwona akipunga usinga wake mbele ya halaiki ya watu, katika miaka yake ya baadaye alisumbuliwa na jongo, ugonjwa ambao wengi mitaani huuita gauti. Wachache zaidi wanajua kuwa maradhi hayo, pamoja na yale ya moyo, yalifichwa wananchi kwa makusudi. Siri hiyo inastahili kujadiliwa darasani, kwa kuwa ina funzo kwetu sote, hasa baada ya yale yaliyotupata wakati wa janga la korona.

Jongo hutokana na wingi wa asidi ya uriki katika damu. Figo zikishindwa kuitoa yote, asidi hiyo huganda na kuwa chembechembe zenye ncha kali ndani ya viungo. Mara nyingi kidole gumba cha mguu ndicho huanza kuvimba, na aghalabu usiku wa manane. Maumivu yake ni makali kiasi kwamba hata uzito wa shuka hauvumiliki. Wazungu wa kale waliuita ugonjwa wa wafalme, wakidhani huwapata walaji nyama na wanywaji mvinyo pekee. Ukweli ni kwamba huwapata matajiri na maskini, na mara nyingi huandamana na shinikizo la damu, maradhi ya figo na ya moyo.

Ni ajabu kwamba miguu ya Mzee ilikuwa na kisa tangu utotoni. Alizaliwa katika miaka ya 1890, akaitwa Kamau wa Muigai. Waandishi wa maisha yake husimulia kuwa alipokuwa mvulana alishambuliwa na funza miguuni, mguu mmoja ukaoza, akapasuliwa na madaktari wa misheni ya Kanisa la Scotland huko Thogoto. Mnamo mwaka 1909 alijiunga na shule ya misheni hiyo hiyo. Huko alijifunza kusoma na useremala, akabatizwa mwaka 1914. Kamau alikuwa mjukuu wa mganga wa jadi, Kongo wa Magana, lakini mtoto huyo wa nyumba ya uganga alijionea mapema faida ya kuupeleka mguu unaouma kwa daktari.

Mwaka 1922 aliajiriwa na Baraza la Manispaa ya Nairobi akiwa karani wa ghala na msomaji wa mita za maji. Wakati huo, upande wa mashariki wa mji, mtaa wa Pumwani ndio kwanza ulikuwa ukisimamishwa ili kuwakusanya Waafrika mahali pamoja. Baadaye palijengwa mitaa mingine kama Shauri Moyo, Kaloleni na Makongeni. Sehemu kubwa ya nyumba za Eastlands za enzi hiyo zilikuwa chumba kimoja, zikikusudiwa wanaume wafanyakazi ambao wake na watoto wao walibaki mashambani. Kenyatta aliporejea kutoka Uingereza mwaka 1946 na kukabidhiwa uongozi wa chama cha KAU mwaka uliofuata, wakazi wa mitaa hiyo walikuwa miongoni mwa nguzo za harakati za uhuru mjini.

Kisha likaja gereza. Aprili 1953 alihukumiwa kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Akapelekwa Lokitaung, kaskazini kabisa mwa nchi, mahali pa joto na ukame. Kwa kuwa alikuwa mzee kuliko wenzake, aliondolewa katika kuponda mawe akawa mpishi wao. Alipotoka kizuizini mwaka 1961, alikuwa mtu wa umri mkubwa aliyekuwa anaanza kazi ambayo ingemchosha hata kijana.

Akawa Waziri Mkuu mwaka 1963 na Rais mwaka 1964. Mwaka 1966 alipatwa na kiharusi hafifu, na mwaka 1968 kikamrudia. Jongo nalo lilikuwepo. Hata hivyo, umma haukuelezwa. Haki itendeke: sababu zilikuwepo. Mwaka 1966 Jaramogi Oginga Odinga alikuwa amejitenga na kuunda chama chake, na nchi changa iliogopa kuyumba. Wandani wa Rais walihofia kwamba mguu unaochechemea ungetafsiriwa kuwa serikali inayochechemea. Lakini siri haikuwazuia wanasiasa kupigania urithi kichinichini. Mwaka 1968 katiba ilirekebishwa ili Makamu wa Rais ashike hatamu kwa siku 90 kiti kikiwa wazi. Mwaka 1976 kundi la wanasiasa lilijaribu kuibadilisha tena, ndipo Mwanasheria Mkuu, Charles Njonjo, akaonya kuwa ni kosa la jinai kuwazia kifo cha Rais. Mwili wa mtu mmoja ukawa jambo lisilotajika midomoni mwa taifa zima. Alipoaga dunia mjini Mombasa, nchi ilipigwa na butwaa, japokuwa waliokuwa karibu naye walijua tangu miaka kumi nyuma kwamba moyo wake ulikuwa mgonjwa.

Wahenga walituonya kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Onyo hilo lilirejea kwa kishindo Machi 2020, korona ilipoingia Kenya. Wakati huo mwanawe Mzee, Uhuru Kenyatta, ndiye aliyekuwa Rais. Kafyu ya usiku ilianza Machi 27. Aprili 6 jiji la Nairobi na viunga vyake vilifungwa, asiingie mtu wala kutoka. Mei ikawa zamu ya Eastleigh kuzungushiwa vizuizi. Matatu zikapunguziwa abiria na nauli ikapanda. Watu wakaambiwa wajitenge, nao wanaishi watano au sita katika chumba kile kile kilichojengewa mfanyakazi mmoja. Wakaambiwa wanawe mikono, ilhali mifereji ya mitaa mingi ya Eastlands hukaa siku nyingi bila maji na mtungi hununuliwa.

Katika hali hiyo, mwenye jongo alikuwa na mzigo maradufu. Ugonjwa wake humtaka anywe maji mengi, na maji ndiyo yaliyoadimika. Humtaka ale vyakula vinavyofaa, na mapato yalikuwa yamekatika. Mguu ukifura usiku, kafyu ilimzuia kutoka. Na mchana ulipofika, wako waliokwepa hospitali wakichelea kuambukizwa, au kutiwa karantini kwa gharama zao wenyewe. Wengine wakabaki na vidonge vya dukani, au wakausingizia uchawi mguu uliovimba ghafla. Hata kolchisini, dawa kongwe ya kutuliza jongo, ilivumishwa kuwa huenda ikatibu korona. Utafiti mkubwa uliofanywa Uingereza ulionyesha mwaka 2021 kuwa haikuwasaidia wagonjwa waliolazwa.

Funzo ni kwamba ugonjwa sugu haungojei janga lipite. Jongo hudhibitika. Mgonjwa apunguze nyama nyekundu, maini, figo na matumbo, aache pombe, hasa bia, na anywe maji ya kutosha. Apimwe damu, na daktari akimwandikia alopurinoli aimeze kila siku hata asiposikia maumivu. Asiache wala kubadilisha dawa kwa shauri la jirani. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu zinazoongeza mkojo huzidisha asidi ya uriki, na ni daktari tu awezaye kupima lipi lina nafuu. Zaidi ya yote, watu wa nyumbani wajue anaumwa nini na dawa zake ziko wapi, ili milango ikifungwa tena asije akaachwa peke yake na siri yake.

Mzee alikuwa na madaktari na magari ya kumfikisha kwao saa yoyote. Yeye angeweza kuumudu usiri, walau kwa muda. Mkazi wa Kayole au Dandora hana anasa hiyo, kwani kinga yake ni jirani anayejua na zahanati inayomtambua. Walimu wanapofundisha habari za muasisi wa taifa, wasiishie kwenye usinga na hotuba. Wawaeleze wanafunzi pia kuhusu mguu wake. Mtoto wa Thogoto aliyekubali kuuonyesha mguu wake kwa daktari aliponywa, naye Rais aliyefichiwa ugonjwa aliliacha taifa bila maandalizi. Katika mambo hayo mawili, la kuigwa ni lile la mtoto.